Milango Iliyokataa Kukaza

Mwaka ule kijiji kizima cha Kamisawa kilikuwa juu ya mapaa kikiteremsha theluji, isipokuwa Kiyono. Yeye alikuwa ndani ya nyumba, anasukuma milango.

Kila alipoamka, kabla ya chai, kabla hata ya kumwekea marehemu mumewe wali wa moto kwenye madhabahu yao ya nyumbani, alikwenda chumba cha katikati, akaushika mlango wa kwanza kwa ncha za vidole, akausukuma kando. Mlango ukateleza. Akausukuma wa pili, nao ukateleza, tena kwa ulaini wa kutia shaka, kana kwamba umepakwa nta. Basi akasimama pale, mikono kiunoni, anatazama dari. Juu ya dari ile kulikuwa na theluji ya kumfika mtu mzima kifuani, na bado ilikuwa inashuka.

"Haingii akilini," alisema peke yake.

Na kweli haikuingia. Kiyono aliletwa Kamisawa akiwa bibi harusi kutoka bonde la pili, na somo la kwanza alilopewa na mama mkwe wake halikuwa la jikoni. Lilikuwa la milango. Theluji haipimwi kwa rula, alifundisha yule mama, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko siki. Paa likilemewa, boriti hupinda. Boriti ikipinda, kizingiti cha juu hushuka, na mlango wa kusukuma hubanwa kwenye mfuo wake ukakaza. Mlango ukikaza, mwanamume apande akateremshe theluji. Usipokaza, mwache amalize chai yake. Huku milimani Niigata, Japani, kila nyumba ina mlango wake wa kutegemea, na kwa kina Kiyono ilikuwa ile minne ya chumba cha katikati, iliyo chini ya boriti nene kuliko zote. Nyumba ile ilijengwa enzi za babu yake mumewe, na haikuwahi kumdanganya mtu.

Hivyo ndivyo walivyoishi, yeye na Eisaku. Kiyono alipika chakula cha shule ya kijiji mpaka shule ikafungwa kwa kukosa watoto. Eisaku alilima vijaruba vyao vya mpunga vilivyong'ang'ania mlimani. Kipupwe kikiingia, Kiyono alikuwa na vidole vya kupimia na Eisaku alikuwa na miguu ya kupandia. Mke alipaza sauti toka chumba cha katikati: "Baba Tetsuya! Umekaza!" Mume, bila neno, aliweka kikombe chini, akavaa mabuti, akachukua beleshi lake la mbao na kupotelea ngazini. Mume wa maneno machache ni neema, Kiyono aliwaambia wapishi wenzake, naye mwenyewe alikuwa mtu asiyefunga mdomo hata akitafuna.

Eisaku alifariki msimu wa mavuno. Moyo ulisimama akiwa anaanika mpunga, na hakuwa ameugua siku hata moja ambayo mkewe aliijua. Mtoto wao wa pekee, Tetsuya, alikuja msibani kutoka mjini Saitama, na kabla ya kuondoka akamkalisha mama yake.

"Mama, kipupwe hiki nani atapanda?"

"Nitajua mwenyewe."

"Utajua nini, na umri huo? Twende zetu. Chumba kipo."

"Chumba cha kutazama ukuta wa jirani! Baba yako hajapoa, wewe unataka kunihamisha kama kabati."

"Basi tufanye hivi. Milango ikikaza mara moja tu, unanipigia simu, nakuja kukuchukua. Na sitaki ubishi."

"Ikikaza nitakupigia," alisema Kiyono, na neno lake lilikuwa neno. Alijua alichokiahidi. Mtu wa rika lake akichukuliwa mjini "kwa kipupwe hiki kimoja tu," harudi. Hurudishwa majivu yake.

Kwa hiyo ungetegemea afurahi milango ilipokataa kukaza. Alifurahi, ndiyo, siku za mwanzo. Theluji ya mwaka ule haikuwa na adabu: ilianguka mchana na usiku, ikazika ua, ikazika kibanda cha zana, ikafika madirisha ya chini na kuyatia giza. Majirani walipanda, wakashuka, wakapanda tena kabla migongo haijaacha kuuma. Kiyono alisukuma mlango, ukateleza, akakaa kunywa chai yake kama malkia. Lakini furaha isiyo na sababu haikai tumboni. Taratibu ilianza kugeuka.

Siku moja Mitsue, mke wa jirani yake Shigezo, alikuja na bakuli la figili alizozisindika. Alivua mabuti mlangoni, akapangusa theluji mabegani, na kuanza kabla hajaketi.

"Dada Kiyono, wewe unangoja kadi ya mwaliko? Paa lako limekuwa mlima. Watoto wataanza kuja kuteleza."

"Nimwite mtu apandie nini? Milango yangu haijakaza."

"Haijakaza?"

"Njoo uone."

Mitsue alisukuma kwa kidole kimoja. Mlango ulikwenda mpaka mwisho na kugonga nguzo. Akakitazama kidole chake, akautazama mlango, akaurudisha, ukarudi.

"Mimi wa kwangu naufungua kwa teke," alisema. "Na Shigezo keshapanda hata hesabu nimepoteza."

"Labda nyumba yenu imezeeka."

"Na hii imezaliwa juzi? Nyumba njema si mlango, dada. Wewe toka nje utazame juu."

"Mama mkwe wangu alikuwa anasema..."

"Mama mkwe wako apumzike huko aliko. Hakuiona theluji hii." Kisha Mitsue akacheka, maana hakuwa mtu wa kukaa na jambo zito kwa muda mrefu. "Au ni Eisaku. Amelitegemeza paa lako kwa bega kutoka ng'ambo ya kaburi. Kama alivyokuwa, hata akifanya hatasema!"

Ulikuwa utani wa kupitisha chai. Lakini Mitsue alipoondoka, utani ulibaki. Kiyono alijiona mjinga, akajikemea, na jioni hiyo akamwekea Eisaku kikombe cha sake, pombe ya mchele, pembeni ya wali. "Asante," aliiambia picha yake. "Ila usijichoshe." Na joto lilimpita kifuani ambalo hakulionja tangu msiba. Tangu hapo hakuwa anapima tu. Alikuwa anasalimiana na mtu.

Tatizo lilikuwa masikio. Vidole vilisema paa ni jepesi, lakini masikio yalisikia boriti ikilia, mara kwaa, mara kimya, kisha tena kwaa. Asubuhi alifagia vumbi jeusi la masizi lililodondoka toka darini, masizi ya miaka na miaka ya moto wa kuni, na hakuelewa limetikiswa na nini. Aliutazama mlango kama mtu anayemtazama shahidi mahakamani. Ukateleza. Redioni walisema banda la mashine limeanguka huko chini ya bonde, na msomaji akarudia onyo kwamba wazee wasipande peke yao. Kiyono akazima redio. Akiamini redio, itabidi asiamini milango; na asipoiamini milango, atakuwa anaamini nini katika nyumba ile?

Tetsuya alipiga simu kila alipotoka kazini.

"Milango vipi?"

"Inateleza. Naapa."

"Yote minne?"

"Yote. Kama sabuni."

"Afadhali," alisema Tetsuya, na sauti yake ikalegea. Alikulia mle ndani. Alijua siku ya kuamka na kukuta huwezi kutoka chumbani mpaka baba apande. Mhandisi mzima wa mabomba ya maji, mtu wa vipimo, aliuamini mlango wa mama yake kuliko utabiri wa hali ya hewa.

Kiyono alikata simu akabaki na swali jingine. Hata kipupwe kilichopita milango haikukaza. Alikumbuka vizuri kwa sababu alibishana na Mitsue: Mitsue alidai theluji ilikuwa kubwa, yeye akadai ilikuwa ya kawaida tu, kwa ushahidi wa milango. Eisaku alikuwa amekaa hapo hapo, anamenya chungwa, na hakumuunga mkono hata mmoja. Alipanda mara chache kipupwe kile, kwa muda wake, bila kuitwa, siku za jua. Kiyono alidhani uzee umemfanya apende hewa safi.

Basi ikakaribia siku ya mia moja tangu Eisaku afariki, siku ya kumwombea. Kasisi wa Kibudha angekuja kusoma sala, na majirani wangeketi, kwa hiyo yalihitajika matakia ya wageni. Yalikuwa kwenye kabati la ukutani, mle mle chumba cha katikati, chini ya boriti ile ile, nalo lilikuwa na mlango wake wa kusukuma uliofunguliwa pale tu nyumba inapopata wageni au msiba. Kiyono aliushika kwa ncha za vidole kwa mazoea. Haukusogea. Akaushika kwa kiganja. Akaweka mguu ukutani akavuta kwa mikono miwili mpaka mgongo ukamwambia basi. Alipeleka kisu cha jikoni juu ya mlango, kwenye kizingiti, na hata ncha haikupita.

Akarudi kwenye ile minne. Ikateleza. Akaenda kabatini: jiwe. Akarudi: nta. Alikwenda na kurudi kama kuku anayetafuta pa kutagia, na hakuweza kuunganisha mambo mawili hayo hata kwa kamba.

"Mmoja wenu mwongo," aliiambia milango.

Halafu boriti ikalia, safari hii si kwaa, bali mlio mrefu wa kitu kinachochanika, na Kiyono akatoka nje na kandambili za ndani.

Shigezo alikuwa juu ya paa lake, anakata theluji vipande vya mraba kama tofu na kuvirusha chini, anatembea kwenye ukingo kama paka. Hakuna mwanamume Kamisawa aliyesifika kwa kupanda kuliko yeye, na aliyelijua hilo zaidi ni yeye mwenyewe.

"Shemeji! Umekuja kujifunza?"

"Shuka unitazamie kabati."

"Watu wana mapaa, yeye ana kabati!" Akacheka. Kisha akaona kandambili zake zimezama kwenye theluji, akaacha kucheka, akashuka.

Alikuja na mkwewe Noboru, kijana mrefu aliyemuoa binti yao na kukubali kuhamia milimani, jambo ambalo Mitsue alilishukuru kila siku kwa sauti. Shigezo aliingia chumba cha katikati, akaweka kiganja kwenye nguzo, na utani wote ukamtoka usoni. Akajaribu kabati. Akajaribu mlango wa kwanza wa ile minne, na ulipoteleza akakunja uso kuliko alivyokunja kwa kabati. Akaunyanyua kidogo, akauvuta chini, ukachomoka kwenye mfuo wake kirahisi.

"Noboru, lete mwanga."

Mlango ule ulikuwa wa kahawia, rangi ya chai iliyolala, umepakwa moshi wa vizazi vitatu. Lakini ukingo wake wa juu, ule unaojificha ndani ya kizingiti, ulikuwa mweupe. Mbao mpya kabisa, laini, na mistari ya randa ilionekana wazi. Shigezo akachomoa wa pili, wa tatu, wa nne. Yote ilikuwa hivyo hivyo.

"Imepigwa randa," alisema. "Unene wa kidole mzima."

"Na nani?" aliuliza Kiyono.

Shigezo akaiegemeza milango ukutani. Randa katika nyumba ile ilikuwa moja, na aliyeishika alikuwa mmoja.

"Toka nje, shemeji. Tunapanda sasa hivi."

Alisimama uani, koti la Mitsue mabegani, mabuti ya Mitsue miguuni, anasikiliza theluji ya paa lake ikianguka kwa vishindo, na akajaribu kufikiri. Milango ile hutolewa kila kiangazi, ikawekwa ya matete ya kupitisha upepo. Kiangazi cha mwaka juzi Eisaku aliihifadhi kibandani, akasema anairekebisha. Kiyono hakuuliza inarekebishwa nini. Na kabla ya kiangazi hicho, kipupwe kile, kulikuwa na siku ambayo Eisaku alirudi ndani na theluji mpaka ndani ya shati, midomo ya bluu, kikombe kikigongagonga meza mkononi mwake.

"Nimeteleza," alisema. "Nikaruka."

Kiyono alicheka mpaka machozi. "Mzee mzima unaruka kama chura!" Alimsimulia Mitsue. Aliwasimulia wapishi wenzake wa zamani walipokutana, na aliigiza kuruka kwenyewe. Na mlango ulipokaza tena baada ya siku chache, alipaza sauti kama kawaida, "Baba Tetsuya! Umekaza!" Sasa, uani, alikumbuka kwamba kikombe siku ile kiliwekwa chini polepole sana.

Hasira ilimjia kwanza, na alikuwa na haki nayo. Ungetuua, alimwambia moyoni. Ungetufukia sote wawili kwa aibu yako, mjinga wewe, na mimi nakumiminia sake! Alipunguza milango ili asiitwe, akapanda siku alizoziweza, na siku asizoziweza akalala chini ya mzigo ule, pembeni yake, macho wazi bila shaka, anasikiliza boriti. Na hakupanga kufa. Labda alidhani atasema siku moja. Labda alidhani atakuwepo daima kupanda kimya kimya. Kiyono hakujua, na wa kumuuliza hakuwepo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini hapa kifo kiliumbua na kumwacha mwingine asimame na mabuti ya kuazima.

Kwa nini hakusema tu? Neno moja. Naogopa. Swali hilo alilizungusha mara nyingi pale uani, na kila lilipozunguka lilikuja na jibu lake, naye alilisukuma. Angesema, Kiyono angecheka. Angecheka, kisha angemsimulia Mitsue. Alilia hapo, kwa uchungu na kwa ghadhabu, bila kujua kipi ni kipi.

Paa lilipobaki na theluji ya kifundo cha mguu, wanaume walishuka wakiwa wanatoa mvuke mabegani. Noboru alilisukuma kabati kwa mkono mmoja. Likafunguka, na matakia ya wageni yalikuwa mle yamekaa kwa adabu. Kiyono akawapikia supu ya miso, akatoa wali na figili, na Mitsue akaja na birika lake kwa sababu alisema chai ya Kiyono ni maji ya kuoshea vikombe. Walikula wameingiza miguu chini ya meza ya joto, ile yenye jiko chini na blanketi juu, milango minne ikiwa bado imeegemezwa ukutani.

"Nitaiongezea kipande cha mbao juu," Shigezo alianza mwishowe. "Itakaa kama zamani. Ikikaza, unaniita."

"Iache ilivyo."

"Sasa utajuaje?"

"Nitakuita nikiogopa," alisema Kiyono. "Na ninaogopa sasa. Niliogopa tangu theluji ya kwanza. Nilikuwa naisukuma ile milango ili nisijue."

Noboru aliinamia bakuli lake. Kamisawa watu hawasemi hivyo mezani, na mwanamke huyu alikuwa ameishi maisha yake yote kwa kucheka.

"Na Tetsuya?" Mitsue aliuliza kwa sauti ya chini. "Akisikia hivyo atakuja na gari."

"Nitampigia nimwambie hivi hivi. Akija, tutabishana. Lakini simdanganyi tena." Kisha akamgeukia Shigezo, na macho yake yalikuwa bado mekundu. "Niambie wewe unayetembea juu kama paka. Eisaku alikuwa mwoga peke yake?"

Shigezo alikigeuza kijiti cha kulia mkononi. Alimtazama mkwewe. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu zaidi.

"Mnadhani kila asubuhi ya theluji nakaa msalani muda wote ule nasoma gazeti?" alisema.

Mitsue aliweka birika chini. "Uliniambia ni figili zangu."

"Figili zako hazina kosa."

"Miaka yote hiyo?"

"Yote. Tangu nilipomwona baba yangu akidondoka."

Noboru naye alikuwa amenyanyua kichwa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo ambao hakuna aliyejua kaubeba. Kiyono aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, asielewe amekaaje na watu hawa mlango kwa mlango bila kulijua hili.

"Mbona hamsemi?"

"Tukisema, shemeji, nani atapanda?"

 Kiyono akamsogezea Shigezo bakuli la figili.